Acha Kuzika Okidi Ikiwa Hai

Niseme mara moja, halafu mje kwenye komenti mnichape mkitaka: okidi nyingi za hapa Kitengela hazifi kwa kiu. Zinauawa kwa maji. Na muuaji ni mtu anayezipenda, ameshika jagi asubuhi na mapema, anafuata ushauri wa mtu ambaye hajawahi kupita Namanga Road hata kwa basi.

Mnajua vile huenda. Februari 14 inafika, ama Siku ya Akina Mama, na mtu ananunua ile okidi ya dukani, Phalaenopsis, yenye maua makubwa kama vipepeo waliojipanga kwenye waya. Si bei ya sukuma wiki. Pesa hiyo ingejaza mtungi wa gesi. Maua yanakaa miezi miwili, mitatu, kila mgeni anapiga nayo picha. Kisha yanadondoka, na hapo ndipo familia inaketi kikao. Mtu anachungulia ndani ya kopo, anaona vipande vya magome na mizizi iliyojikunja kama minyoo, anashtuka: "Kwani hii walipanda kwenye takataka?" Kwa huruma kabisa anaing'oa, anaitafutia chungu kizuri, anajaza udongo mpaka shingoni, anapiga samadi juu, anamwagilia. Wiki kadhaa baadaye majani yanalegea. Akiona yamelegea, anaongeza maji. Mwezi unaofuata ni mazishi.

Halafu tunaambiana, "Okidi ni maua ya Karen na Runda, hayawezani na Kitengela." Huo ni uongo, na leo nataka kuuvunja. Okidi inawezana na Kitengela vizuri sana. Haiwezani na ushauri tunaopeana.

Mizizi inayotaka upepo

Tuanze na mmea wenyewe. Phalaenopsis kwao ni misitu ya kusini na kusini-mashariki mwa Asia, na huko haikai chini. Inakaa juu ya mti, imeshika gome kwa mizizi yake, bila kumnyonya huyo mti chochote. Ni mpangaji, si kupe. Mvua ikinyesha mizizi inalowa, maji yanateremka, upepo unapita, na baada ya masaa machache imekauka tena. Mzizi wenyewe umevaa koti la seli zilizokufa, jeupe, linalofyonza maji haraka kama sifongo. Koti likilowa unaona ukijani wa ndani. Likikauka linarudi kuwa rangi ya fedha. Shika hizo rangi mbili kichwani, maana zitakuokolea pesa.

Mzizi wa aina hiyo ukiufukia kwenye udongo mzito, hewa inakatika. Seli zinakosa oksijeni, zinaanza kufa, na kuvu na bakteria wanaingia kumalizia kazi. Mizizi ikishaoza mmea hauwezi kunywa hata ukiusimamisha ndani ya karai la maji. Ndio maana majani yanalegea na kukunjamana kama ya mmea wenye kiu. Ni kiu ya kweli, lakini ni kiu ya mtu anayezama. Ukimwongezea maji unamsukuma chini.

Na sisi hatuna udongo wa kawaida. Tuna ule mweusi wa tambarare za Athi na Kapiti, ambao mtu yeyote aliyeishi Kitengela msimu wa mvua anaujua kwa viatu vyake. Ukilowa unavimba na kunata. Ukikauka unasinyaa, unapasuka nyufa za kuingiza mkono, na ndio huo unaofanya kuta za nyumba zipasuke kama msingi haukuchimbwa vizuri. Sasa wewe chukua mzizi uliozoea kuning'inia hewani, uuzike kwenye kitu kinachoweza kupasua nyumba. Unategemea nini?

Kuna watakaosema hayo ni mambo ya Asia, hapa kwetu mimea inajua udongo. Ebu fika Chyulu, mpakani mwa kaunti yetu. Juu ya vile vilima kuna misitu ya ukungu, na kwenye matawi ya miti yake kuna okidi za kwetu, zinaishi kwa umande, mvua na upepo. Teremka pwani utakutana na Ansellia africana, ile yenye maua ya njano yenye madoa kama ya chui. Inakaa juu ya miti, na baadhi ya mizizi yake inasimama wima kama sindano, inadaka majani makavu yanayoanguka, inajitengenezea kikapu chake cha chakula. Hakuna mtu aliyewahi kuipandishia samadi kule juu. Kenya ina spishi za okidi zaidi ya mia mbili. Zipo zinazoota ardhini, sikatai, lakini hiyo uliyopewa ya maua ya vipepeo si mojawapo.

Sina ugomvi na mama wa maua

Ukisimama kwenye vitalu vya kando ya barabara utasikia mazungumzo haya:

"Mathe, hii nikibadilisha chungu nitumie nini?"

"Chukua udongo mwekundu, mwanangu, changanya na mbolea ya ng'ombe. Itashika vizuri."

Mama huyo hajadanganya. Kwa bogonvilia, kwa waridi, kwa mchaichai na karibu kila kitu anachouza, jibu lake ni sahihi, na amelea watoto kwa jibu hilo. Okidi ni mgeni mmoja kati ya mimea mia moja aliyo nayo. Simlaumu. Ninaowalaumu ni sisi wenye simu na bando, tunaoweza kutafuta jibu la kweli kwa dakika tano, na badala yake tunakopi video ya Florida, tunaweka muziki wa amapiano juu, tunaita maudhui.

Chukua mfano wa barafu. Kuna ushauri maarufu kutoka Marekani: mpe okidi vipande 3 vya barafu kwa wiki, basi. Kila mwaka mtu anauleta upya kama ufunuo. Niwe mkweli, si uchawi wa bure. Mwaka 2017 watafiti wa vyuo vikuu vya Ohio State na Georgia walichapisha matokeo ya kuujaribu, na wakakuta barafu haikupunguza muda wa maua kudumu. Sawa. Lakini okidi zao zilikuwa kwenye magome, na zilikaa ndani ya nyumba. Barafu tatu ni maji kidogo, yanayoyeyuka polepole, kwenye kitu kinachopitisha hewa. Kilichofanya kazi ni kipimo. Baridi ya barafu haikuongeza kitu.

Sasa lete ushauri huo Kitengela. Yule aliyepanda kwenye udongo anaweka barafu mwezi wa Julai, usiku wenyewe umeshakuwa friji, udongo unakaa na unyevu wiki mbili. Mizizi kwisha. Mwingine amepanda kwenye makaa matupu, anaweka barafu tatu mwezi wa Januari, upepo wa tambarare unakausha kopo kabla ya kesho kutwa. Mmea unakauka kweli. Ushauri ni ule ule, vifo ni viwili tofauti, na aliyetoa ushauri ana laiki elfu kumi.

Hata si sisi wa kwanza kuua okidi kwa kujifanya tunajua. Karne ya 19 matajiri wa Uingereza walishikwa na wazimu wa okidi. Ziliagizwa kwa meli kutoka nchi za joto, zikafungiwa kwenye vibanda vya vioo vyenye joto na mvuke bila upepo, kwa imani kwamba kila kitu cha tropiki kinataka kuchemka. Zilikufa kwa wingi. Mambo yalianza kubadilika pale watunza bustani kama Joseph Paxton, wa Chatsworth, walipozipa hewa na kuacha kuzipika. Matajiri wale walilipia somo hilo kwa mali nyingi. Sisi tunalipata bure na bado tunalikataa.

Video ya siku ya kwanza

Hapa naongea na wenzangu wa kamera. Mbona kila video ya kubadilisha chungu inaishia siku ile ile? Kopo jipya, mikono misafi, mmea umesimama wima, "nifuateni kwa mengi zaidi." Siku ya kwanza hata okidi iliyokufa inapendeza. Mizizi huchukua wiki nyingi kuoza au kushika, na majani yanaficha siri kwa muda mrefu. Kwa hivyo video ya siku ya kwanza haithibitishi chochote. Inathibitisha tu kwamba una taa nzuri.

Kuna hata wanaobadilisha chungu kila mwezi kwa sababu kinaleta watazamaji. Wasee, huo ni ukatili. Okidi haipendi kusumbuliwa. Inabadilishiwa chungu kila baada ya mwaka mmoja au miwili hivi, kitu cha kupandia kikianza kuoza na kuwa uji, au mizizi ikijaa kabisa. Wakati mzuri ni maua yakishadondoka na ncha mpya za mizizi zinaanza kutokea. Ukifanya hivyo maua yakiwa yamechanua, usishangae yakidondoka.

Kitu cha kupandia kiko hapa hapa

Uongo mwingine ni kwamba lazima uagize mfuko kutoka nje. Acha niwaonyeshe tulicho nacho.

Makaa. Zile chenga kubwa kubwa zinazobaki chini ya gunia, ukubwa wa njegere hadi wa kidole gumba. Zioshe mpaka vumbi liishe. Makaa hayaozi upesi, yanaacha nafasi za hewa, yanakauka haraka. Ubaya wake ni kwamba yanashika chumvi za maji na mbolea, na kwa maji yetu hilo ni jambo kubwa. Nitalifikia.

Pamisi. Ni lile jiwe jepesi la volkano tunalosugulia visigino. Bonde la Ufa limejaa volkano, kwa hivyo jiwe si geni kwetu. Lina vitundu vya kushika maji kidogo na hewa nyingi, na halibadiliki kuwa uji. Baadhi ya mashamba ya waridi hapa Kenya yaliacha udongo kitambo, waridi zao zinakaa kwenye pamisi au kokopiti. Una binamu anayefanya kazi kwenye mashamba ya upande wa Isinya? Muulize. Ujuzi wa kulisha mmea bila udongo uko kwenye kaunti yetu, umevaa gambuti na uko zamu ya asubuhi.

Makumbi ya nazi. Wauza madafu wanayatupa. Yakate vipande vya ukubwa wa dadu, yaloweke siku kadhaa ukibadilisha maji kila siku, maana huja na chumvi. Yanashika maji kuliko makaa na yanafaa kwa sisi tunaosahau. Ila usichanganye na kokopiti ya unga. Ule unga ukijaza kopo zima unakuwa kama udongo tu, hauachi hewa.

Magome ya msonobari, ambao mafundi wa mbao wanauita paina. Hiki ndicho kitu kinachotumiwa zaidi duniani kwa Phalaenopsis, na Kenya inapanda paina. Kwenye yadi za mbao magome ni uchafu wa kufagiliwa. Omba, kata vipande, loweka usiku mzima kwa maji ya moto, chuja. Yanashika unyevu wa kiasi, lakini yanaoza baada ya mwaka mmoja, miwili. Hapo ndipo unabadilisha.

Kisha kuna sfagnamu, zile nyuzi za kimanjano ambazo okidi nyingi za dukani huja nazo zimezungushwa mizizini. Hizo zinashika maji kwa siku nyingi. Mkulima wa biashara anazipenda kwa sababu mmea unasafiri bila kukauka. Wewe usiyesafiri, mwenye jagi mkononi kila asubuhi, ndizo zitakuponza. Kama okidi yako imekaa ndani yake, angalia katikati. Mara nyingi juu kumekauka na ndani ni kinamasi.

Kwa nyumba ya kawaida ya hapa, mchanganyiko wangu ni magome sehemu mbili, makaa moja, pamisi moja. Msimu wa kiangazi na upepo mkali, naongeza makumbi kidogo. Nyumba yako ikiwa na kivuli na baridi, punguza vinavyoshika maji. Hakuna mchanganyiko mtakatifu. Kuna mchanganyiko wa nyumba yako.

Kopo liwe la plastiki inayoona ndani. Chupa ya soda ya lita mbili iliyokatwa inatosha kabisa. Choma matundu mengi chini na ubavuni kwa msumari wa moto. Lisiwe kubwa, liwe la kutosha mizizi tu, maana nafasi tupu ni ghala la maji. Toa mmea, tikisa kitu cha zamani, minya mizizi polepole. Iliyo ngumu ni hai, iache hata kama ni ya kahawia kidogo. Iliyo laini, inayotoa maji na kubaki uzi mkononi, kata kwa wembe uliopitishwa motoni. Nyunyiza mdalasini wa jikoni kwenye kidonda peke yake, si kwenye mizizi mizima, maana unakausha. Panga mmea, jaza vipande katikati ya mizizi bila kushindilia, shingo ibaki juu. Kama umekata mizizi mingi, ngoja siku mbili tatu kabla ya kumwagilia ili vidonda vikauke.

Kalenda haina macho

"Nimwagilie mara ngapi kwa wiki?" Hilo ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na ndilo swali baya zaidi. Wiki ya Aprili mvua imeshika na wiki ya Februari vumbi limeshika ni wiki mbili tofauti. Bedsita ya chini isiyopata jua na chumba cha gorofa ya nne kinachopigwa na upepo ni nchi mbili tofauti. Kalenda haina macho. Wewe unayo.

Angalia mizizi kupitia kopo. Ikiwa kijani, weka jagi chini, nenda ukafanye mambo mengine. Ikiwa rangi ya fedha na ndani ya kopo hakuna matone, inua kopo. Jepesi? Sasa mwagilia. Fanya asubuhi. Simamisha kopo ndani ya bakuli la maji dakika kumi hadi kumi na tano, litoe, liache lichuruzike mpaka tone la mwisho, ndipo ulirudishe kwenye chombo chake cha urembo. Kile chombo kisichokuwa na tundu ndicho kaburi la okidi nyingi, kwa sababu maji yanajificha chini na mtu haoni. Na usimwage maji katikati ya majani. Yakiingia, yakaushe kwa tishu. Maji yakilala hapo usiku wa baridi, moyo wa mmea unaoza, na ukioza huo hakuna kopo litakalokuokoa.

Sasa maji yenyewe. Hapa ndipo video ya Florida inakwama kabisa. Maji mengi tunayotumia Kitengela ni ya kisima kirefu, ya bomba la ploti au ya boza. Mtu yeyote anayechemsha chai anajua ukoko mweupe ulio chini ya sufuria. Kaunti hii ndiyo yenye Ziwa Magadi, ambako magadi yanachimbwa tangu enzi za ukoloni. Ardhi yetu ina chumvi nyingi za madini, na maji ya visima vingi yanazibeba. Mizizi ya okidi haipendi chumvi. Ukiona ncha za mizizi zimekuwa nyeusi na ukoko mweupe juu ya makaa, si laana, ni kisima.

Dawa yake inaanguka kutoka juu mara mbili kwa mwaka, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Weka ndoo chini ya mabati. Mvua ya kwanza iache ioshe vumbi na uchafu wa ndege, kisha kinga. Ndoo ya lita ishirini inatosha okidi moja kwa miezi, ukiifunika ili mbu wasizae. Kama huna budi kutumia ya kisima, angalau mara moja kwa mwezi pitisha maji ya mvua mengi kwenye kopo yasombe chumvi zilizokwama. Mbolea iwe nyepesi, nusu au hata robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mbolea nayo ni chumvi.

"Watu hawana maji ya kunywa, wewe unaongelea maua"

Najua itakuja, kwa hivyo niijibu kabisa. Kuanzia mwishoni mwa 2020 mvua zilikosa msimu baada ya msimu, na Kajiado ng'ombe walikufa mbele ya macho ya wenyewe. Hilo si jambo la utani, na anayeliuliza swali hili ana haki ya kuliuliza.

Lakini hesabu vizuri. Okidi iliyopandwa vizuri inakunywa kikombe au viwili kwa mara moja, na maji ya bakuli yanayobaki yanaenda kwenye sukuma wiki. Linganisha na nyasi za kapeti zinazonyunyiziwa mpira masaa mawili mbele ya nyumba za mageti, au na gari linalooshwa kila Jumamosi. Mtu anayejifunza kuangalia mzizi kabla ya kumwaga maji anajifunza tabia ambayo kaunti nzima inaihitaji. Anayemwagilia kila siku "kwa usalama" anapoteza maji na anaua mmea. Hasara mara mbili, na zote mbili zinatoka kwa ushauri mbaya.

Usiniletee ya msituni

Kuna jambo la mwisho, na hili sitalipaka asali. Okidi ya dukani ikifa, mtu anakata tamaa, kisha anaona muuzaji akiwa na okidi "ya asili" imefungwa kwa kamba, imebanduliwa kwenye mti. Bei ni ya chini. Anajiambia hii ni ya kwetu, haitakufa.

Itakufa, kwa sababu kosa bado ni lile lile la udongo na jagi. Tofauti ni kwamba ile ya dukani ilizalishwa kwenye maabara na vibanda, na nyingine maelfu kama hiyo zipo. Ya msituni haina spea. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, haina chakula ndani, na porini haioti bila kukutana na kuvu anayefaa wa kuilisha. Ikiota, inachukua miaka kabla ya kutoa ua la kwanza. Unabandua miaka yote hiyo kwa bei ya chips kuku. Ndio maana familia yote ya okidi imo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe wa porini. Majirani wetu Tanzania wanalijua tatizo hili: kwenye nyanda zao za juu za kusini, viazi vya okidi za ardhini vimekuwa vikichimbwa na kuvushwa mpaka Zambia, vikapikwe chikanda. Kitulo, uwanda maarufu kwa maua hayo, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Angalau zile zinaliwa. Za kwetu zinabanduliwa zikafie kwenye balkoni ya mtu aliyetazama video moja.

Kwa hivyo kila ushauri mbaya unaosambaza una bili. Inalipwa na mwanafunzi aliyechanga pesa za zawadi ya mamake. Inalipwa na maji ya boza. Mwishowe inalipwa na mti wa Chyulu.

Ninachotaka ni kidogo. Mtengeneza maudhui, ukionyesha kubadilisha chungu, onyesha na kopo hilo hilo baada ya miezi sita, mizizi ikionekana. Sema uko wapi, umetumia nini, maji yako ni ya nini. Kama ilikufa, onyesha ilivyokufa, maana hapo ndipo watu watajifunza zaidi.

Na wewe mwenye okidi dirishani, acha kuionea huruma kwa jagi. Iweke penye mwanga wa asubuhi, mbali na jua kali la saa nane. Futa vumbi la Kitengela kwenye majani kwa kitambaa chenye unyevu. Baridi ya Juni na Julai isikutishe, maana Phalaenopsis huhitaji wiki kadhaa za ubaridi wa chini ya nyuzi 25 hivi ndipo itoe shina jipya la maua. Baridi hiyo watu wa nchi za joto wanailipia umeme, na wewe unaletewa bure na tambarare.

Leo jioni chukua tochi ya simu, mulika ndani ya kopo. Kama huoni mizizi kwa sababu umeifukia kwenye udongo, kesho ni siku nzuri ya kuifukua.